Rasputin Aliyenyimwa Sauti

PAZIA LA WIKI
Na Salma Kombo

Grigori Rasputin aliuawa Petrograd Desemba 1916. Kabla mwaka uliofuata haujaisha, Marekani ilikwisha kumtengenezea filamu zaidi ya moja. Inayonikera hadi leo ni The Fall of the Romanoffs, iliyoongozwa na Herbert Brenon. Ni filamu bubu na imepotea, lakini waigizaji wake wanajulikana. Edward Connelly alikuwa Rasputin, na mtawa Iliodor akaigiza nafsi yake mwenyewe. Iliodor huyo aliwahi kuwa swahiba wa Rasputin. Wakafarakana, wakawa mahasimu wakubwa, kisha akaikimbia Urusi. Basi hasimu ndiye aliyepewa nafasi ya kusimulia, na anayesimuliwa yu kaburini. Hiyo si haki, hata kwa mtu mwenye dhambi nyingi kama zake.

Ububu wenyewe ulimdhulumu mara ya pili, kwa sababu nguvu ya Rasputin ilikuwa mdomoni. Mkulima yule wa Pokrovskoye, Siberia, hakuwa na cheo wala shule; alikuwa na dua na maneno ya kutuliza. Mwaka 1912 huko Spala, Poland, Aleksei, mrithi wa kiti cha Tsar, mtoto wa miaka 8 mwenye hemofilia, alivuja damu kwa ndani hadi akasomewa sala za mwisho. Mama yake, Alexandra, akampelekea Rasputin telegramu. Jibu likaja kwamba mtoto hatakufa, na kweli akapona. Madaktari na waeleze wawezavyo. Mama aliyekesha kando ya kitanda kile angemsahau vipi aliyempa neno hilo?

Maradhi hayo yalifanywa siri ya kasri. Raia walimwona mkulima akiingia kwa malkia, sababu hawakuijua, uvumi ukawapa ya kwao. Sinema ikauchukua uvumi huo ikauuza.

Filamu zilipoanza kusema, mambo hayakunyooka. Mwaka 1932 MGM ilitoa Rasputin and the Empress. Irina, mke wa Felix Yusupov, mmoja wa wauaji, aliona amechorwa humo kama mwanamke aliyeharibiwa na Rasputin. Akashitaki London, na mwaka 1934 akashinda pauni 25,000. Maria, binti wa Rasputin, naye alikuwa amemshitaki Yusupov jijini Paris kwa kumuua baba yake. Mahakama ilisema haina mamlaka juu ya kesi hiyo.

Atakayetengeneza filamu nyingine ya Rasputin, ninamwomba aanze na Maria.