CHUO CHA WANANCHI SI JAA LA WALIOSHINDWA

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, husikika katika nyumba nyingi za nchi hii kauli moja: "Mtoto huyu ameshindwa, basi apelekwe chuo." Wazazi wasemao hivyo hawana nia mbaya, nao hujikaza kutafuta karo na godoro. Lakini kauli yenyewe ni ya hatari. Yakifanya chuo kilichojengwa kwa kodi ya mkulima na mfanyakazi kuwa jaa la kutupia waliokataliwa kwingine; tena yamfunza kijana, kabla hajashika randa wala timazi, kwamba kazi ya mikono ni adhabu.

Sisi twaipinga kauli hiyo. Na kwa kuwa kupinga peke yake hakutoshi, twataka leo kuvitazama Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo kwa hesabu ya Serikali ni 54 katika Tanzania Bara, na ambavyo wanachama wengi hupita mbele ya malango yake bila kujua kilichomo ndani.

Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, katika siku za TANU, wala havikuzuka hewani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea, akaonyesha wazi kwamba shule tuliyoirithi kwa mkoloni iliwaandaa wachache kwa kazi za ofisini na kuwasahau wengi waliobaki shambani. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee na vijana wakajaa madarasani jioni, wengine wakasoma chini ya miti, hata hesabu ya wasiojua kusoma na kuandika, ambayo wakati wa Azimio la Arusha ilikuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima, ikashuka upesi.

Hapo likazuka swali jipya. Mtu mzima akiisha kujua kusoma, asome nini? Mama aliyejifunza kuandika jina lake akiwa na umri wa miaka 40 hangeweza kuketi Darasa la Tano pamoja na wajukuu zake. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilikuwa jibu la swali hilo. Kijiji kilimchagua mtu, kikamtuma chuoni, naye alitarajiwa kurudi kijijini na kile alichojifunza. Hakuulizwa cheti. Aliulizwa ametoka kijiji gani, na kijiji chake kinahitaji nini.

Mfano wenyewe ulitoka mbali. Mwaka 1844, katika mji mdogo wa Rødding nchini Denmark, kilifunguliwa chuo cha kwanza cha namna hii kwa kufuata fikra za N. F. S. Grundtvig, kasisi na mshairi aliyezichoka shule za Kilatini zilizowatenga wasomi na watu wao. Yeye alitaka vijana wa wakulima wakae pamoja, wazungumze kwa lugha yao wenyewe, wajifunze historia ya nchi yao na namna ya kuiendesha, pasipo mtihani wa kuwagawa. Wauswidi wakaiga mwaka 1868, miaka miwili tu baada ya bunge lao kubadilishwa hata wakulima wenye mashamba wakapata nguvu ndani yake. Na tuuangalie sana mfuatano huo: mkulima alipata kura, kisha akajenga chuo. Aliona kwamba kura mkononi mwa mtu asiyeweza kusoma hesabu za wilaya yake ni shoka lisilo na mpini. Uswidi hiyo hiyo ndiyo iliyotusaidia kuvianzisha vyuo vyetu.

Sasa mtu akiingia leo katika chuo kimojawapo, iwe Kibaha au Ifakara, Tarime au Sikonge, Mtawanya au Kilwa Masoko, atakuta nini? Fani hutofautiana kwa chuo na chuo, lakini kwa jumla atakuta useremala, uashi, umeme wa majumbani, ufundi wa magari, uchomeleaji, ushonaji, upishi, kilimo na ufugaji. Kozi ndefu huchukua miaka miwili na huishia kwenye mtihani na cheti. Kozi fupi huchukua majuma au miezi michache, nazo ndizo zinazomfaa mtu mwenye shamba na familia. Wanafunzi wengi hulala bwenini, hula pamoja na hushika jembe katika shamba la chuo.

Hayo ndiyo yanayoonekana. Lakini kilicho bora zaidi hakionekani upesi. Chukueni fani ya ushonaji, ambayo wengi huidharau. Tuseme fundi anashona sare ya shule kwa shilingi 15,000. Kitambaa kimemgharimu 9,000, uzi na vifungo 1,000, na kodi ya kibanda pamoja na umeme zinakula 2,000 kwa kila sare. Basi kilichobaki mkononi mwake ni shilingi 3,000. Fundi asiyejua hesabu hiyo husema amepata 15,000, hununua nyama siku hiyo, na baada ya miezi sita hauza cherehani bila kufahamu ni nani aliyemwibia. Hakuna aliyemwibia. Chuo kinachofundisha kukata kitambaa bila kufundisha hesabu hii kimefundisha nusu ya kazi, na mwalimu mzuri wa ushonaji hulijua hilo kuliko waandishi wa mipango.

Tena kuna somo la uraia, ambalo katika ratiba hupewa saa chache, nasi twaona ndilo roho ya chuo. Sheria ya nchi yaamuru mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu, na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Ni wangapi kati yetu wawezao kuisikiliza taarifa hiyo na kutambua palipokosekana stakabadhi? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi kama mwanamume. Ni wajane wangapi wajuao kwamba hati ya hakimiliki ya kimila yaweza kuandikwa kwa jina lao? Fundi mwashi aliyepita katika chuo kizuri hujua kujenga ukuta. Hujua pia kusimama mkutanoni na kuuliza saruji ya zahanati imekwenda wapi. Viongozi wengine hawampendi mtu huyo. Sisi twasema Chama kinamhitaji.

Jambo jingine lawahusu wasichana. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa shuleni, na mwaka 2017 msimamo huo ulitiliwa nguvu hadharani. Ilikuwa hadi Novemba 2021 ndipo Serikali iliporuhusu warudi katika shule za kawaida. Ni wengi waliopotelewa na miaka yao katika kungoja huko, nao sasa ni wanawake wenye watoto, waliokwisha kupita umri wa kuvaa sare. Vyuo vya Wananchi vimewafungulia mlango. Mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na vyuo hivi pamoja na shirika la Karibu Tanzania, huwachukua wanawake vijana waliokatiziwa masomo, wakasoma sekondari kwa utaratibu wa watu wazima na kujifunza fani juu yake. Vituo vya malezi vimewekwa vyuoni, mtoto akalelewa hapo wakati mama yake yu darasani. Tumesikia hotuba nyingi juu ya kumkomboa mwanamke, na nyingine tumezichapa sisi wenyewe. Chumba kimoja chenye mkeka, uji na mlezi kimefanya kazi ambayo hotuba hizo hazikuiweza.

Basi penye mashaka ni wapi?

Vyuo hivi vimehamishwa-hamishwa. Vilianza chini ya Wizara ya Elimu; mwaka 1990 vikapelekwa katika wizara ya maendeleo ya jamii; na sasa vimerudi Wizara ya Elimu. Msaada wa Uswidi ulipopungua katika miaka ya 1990, majengo mengi yalichakaa na karakana zikabaki na vifaa vya kale. Katika miaka ya karibuni Serikali imetumia fedha nyingi kuvikarabati na kuvipa vifaa, na mafunzo yake ya ufundi yamefungamanishwa na utaratibu wa VETA. Hilo ni jema, wala hatutaki mtu atuelewe vibaya. Cheti kinachotambulika ni haki ya mwanafunzi. Kijana aliyesoma umeme kwa miaka miwili hafai kufika mbele ya mwajiri na karatasi isiyo na maana.

Lakini kila kipimo kina madhara yake. Mkuu wa chuo akiulizwa kila mwaka ni wangapi waliofaulu mtihani, na asiulizwe jambo jingine lolote, atafanya nini? Atawapokea wale wanaoelekea kufaulu. Kijana wa miaka 18 aliyetoka Kidato cha Nne atampa sifa. Mkulima wa miaka 45 ambaye mkono wake ni mzito kwa kalamu atampunguzia. Kozi fupi ya majuma matatu ya ufugaji wa kuku haimpi cheti kikubwa cha kuandikwa katika taarifa, basi itaahirishwa, kisha itasahauliwa. Hakuna atakayekuwa ameamua kumfungia mlango mwananchi. Mlango utakuwa umejifunga wenyewe.

Hatari hiyo yazidi sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, na sekondari imepewa mkondo wa amali, ulioanza mwaka 2024. VETA nayo inazidi kujenga vyuo wilayani. Kwa hiyo vijana watafundishwa ufundi katika shule za sekondari na watafundishwa katika vyuo vya VETA. Kama Chuo cha Wananchi nacho kitawakimbilia vijana hao hao, kitakuwa wa tatu katika mstari mmoja, na ile kazi yake ya asili, ya kumpokea mtu mzima asiye na cheti, haitakuwa na mwenyewe.

Wako wanaosema kwamba chuo kisicho na masharti ya kuingilia hakiwezi kuwa na heshima. Twawaomba watazame Marekani, nchi ambayo hakuna atakayeidhania kuwa haijui thamani ya fedha. Huko vyuo vya jamii vina historia ya tangu mwaka 1901, kilipofunguliwa chuo cha Joliet katika jimbo la Illinois, na vingi hupokea karibu kila mtu mzima anayebisha hodi. Huwa na madarasa ya jioni kwa wafanyakazi. Ada yake ni ndogo kuliko ya vyuo vikuu. Na mwanafunzi aliyemaliza miaka miwili aweza kuhamia chuo kikuu na kuendelea. Kasoro wanayo: wengi huingia na wachache humaliza, kwani mtu anayefanya kazi mchana na kulea watoto usiku huchoka kabla ya cheti. Sisi kwa kasoro hiyo twajifunza kwamba mlango kuwa wazi ni mwanzo tu, na kwamba nauli, taa ya jioni na mlezi wa mtoto ni sehemu ya elimu sawa na ubao na chaki.

Ndugu wafanyakazi, msidhani habari hii ni ya watu wa shamba peke yao. Katika kila mji wako mafundi waliojenga maghorofa kwa miaka 20, nao hulipwa kama vibarua kwa sababu hawana karatasi. VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao fundi hupimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti bila kurudishwa darasani kama mtoto. Wengi hawajapata kuusikia. Waajiri nao hutozwa fedha za kuendeleza ufundi stadi kutokana na jumla ya mishahara wanayolipa. Mishahara hiyo ni jasho lenu. Basi yawapasa kuuliza ni kiasi gani kinachowarudia kwa njia ya mafunzo, na vyama vya wafanyakazi, vinapojadili mikataba ya hali bora, vidai saa za masomo kama vinavyodai saa za mapumziko.

Na wanachama wanaokaa katika wilaya zenye vyuo wana kazi ya kufanya kabla ya kozi za Januari kuanza. Tawi limwalike mkuu wa chuo, kwa heshima, aje na daftari la wanafunzi. Aulizwe ni wangapi walioingia mwaka huu bila cheti cha Kidato cha Nne. Ni wangapi waliozidi umri wa miaka 35. Ni kozi fupi ngapi zilizofanyika, na katika vijiji gani. Na kama hakuna hata moja, ni kitu gani kilichokosekana: mwalimu, mafuta ya gari, au idhini ya mkubwa wake. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ipelekwe kwa diwani na mbunge.