Uvimbe wa taya kwa watoto: ramani ya malaria inawafundisha nini wazazi wa Chato?

Katika vijiji vya Chato, pembezoni mwa Ziwa Victoria, mtoto anapovimba shavu, wazo la kwanza la mzazi ni jino. Wapo wanaompeleka aking’olewe, na wapo wanaoamini kwamba amerogwa. Mara nyingi tatizo ni jino kweli. Lakini mara nyingine ni limfoma ya Burkitt, saratani ya mfumo wa limfu inayowapata hasa watoto wa miaka 4 hadi 7, wavulana zaidi ya wasichana. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, majuma mawili ya kusubiri ni muda mrefu mno.

Historia ya saratani hii imeandikwa katika ardhi ya Afrika Mashariki. Kunako mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1958 alichapisha taarifa yake ya kwanza. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takribani kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama uvimbe huo unaonekana kwao. Jibu lilichora ramani. Katika Afrika Mashariki, ugonjwa ulikuwa nadra mahali palipo juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, penye baridi. Ulionekana nyanda za chini zenye joto na mvua. Zanzibar na Pemba, ambako mapambano dhidi ya malaria yalikuwa yamepiga hatua, haukuonekana.

Mwaka 1964, watafiti wa London, Epstein, Achong na Barr, waligundua kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi hicho, kijulikanacho kwa majina ya Epstein na Barr, huenea kwa njia ya mate, na zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho. Kumbe, kirusi peke yake hakitoshi kueleza kwa nini ugonjwa uko huku na si Ulaya. Malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara hudhoofisha kinga inayokizuia kirusi, na huzichochea seli za kinga kuzaliana kupita kiasi. Katika kuzaliana huko, kosa la kijenetiki linaweza kuigeuza seli moja kuwa saratani. Mwaka 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitaja malaria, katika maeneo yenye maambukizi makali sana, kuwa kisababishi kinachoelekea kuwa cha saratani hii.

Jaribio moja lilifanyika nchini mwetu. Kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto wa North Mara, eneo ambalo leo ni Tarime na Rorya, waligawiwa klorokwini. Wagonjwa wa limfoma walipungua kuliko wakati wowote uliowahi kurekodiwa huko, kisha wakaongezeka tena baada ya mgawo kukoma. Kwa kuwa kupungua kulianza kabla ya jaribio, watafiti hawakulichukulia kuwa uthibitisho kamili. Hata hivyo, lilielekeza kidole palepale ilipoelekeza ramani ya Burkitt.

Sasa tuitazame Chato. Ziwa Victoria liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ndani kabisa ya ramani hiyo. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017, takribani asilimia 17 ya watoto wadogo wa Mkoa wa Geita walikutwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 7.

Katika ukanda huu wa dhahabu, saratani inapotajwa, watu huutaja mgodi. Tuwe wakweli. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na hiyo ni sababu tosha ya kuiepuka. Lakini haijathibitishwa kuwa chanzo cha saratani ya damu. Kinachojulikana kuisababisha ni benzini, iliyomo ndani ya petroli. Anayefyonza petroli kwa mpira au kunawia mikono anajiweka hatarini. Kwa watu wazima, maambukizi ya VVU yasiyotibiwa nayo huongeza sana uwezekano wa limfoma.

Kuna pia watoto wasiohesabiwa. Saratani ya damu ndiyo ya kwanza kwa watoto wa Ulaya na Marekani, ilhali kwetu huonekana chache. Sehemu ya uchache huo hutokana na kutotambuliwa: homa, weupe wa viganja na uchovu huitwa malaria, na mtoto hufariki kabla ya damu yake kuchunguzwa ipasavyo.

Limfoma ya Burkitt husikia dawa. Katika nchi zenye uwezo, takribani watoto 9 kati ya 10 hupona. Kwetu wengi hupotea kwa kuchelewa, au kwa familia kukosa nauli ya kurudi kumalizia matibabu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato iko karibu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, hutibu saratani.

Basi jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, zinazojua kila nyumba, zina kazi mahususi. Zihimize kila mtoto alale ndani ya chandarua na apimwe malaria anapopata homa. Uvimbe wa taya au tumbo unaokua kwa siku chache upelekwe hospitali, usisubiri. Homa isiyokoma baada ya dawa, pamoja na upungufu wa damu au fizi zinazotoka damu, idai kipimo kamili cha damu. Na familia inayomuuguza mtoto Mwanza ichangiwe nauli hadi dozi ya mwisho, kwa maana hapo ndipo wengi huishia njiani.