Ngolo si Kazi ya Bure

Kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, ardhi inapojadiliwa, kauli ni moja: mkulima akihifadhi udongo anajisaidia mwenyewe, kwa hiyo serikali haina sababu ya kumlipa. Wengi huitikia kwa kichwa. Mimi naikataa, kwa kuwa anayeisema hajaufuata udongo aone unaishia wapi mvua ikinyesha.

Tuanze na ngolo, yaani mashimo ya kukinga udongo. Kwa zaidi ya karne moja Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa mashimo hayo kwenye miteremko mikali. Mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka majani, huyaacha yanyauke, kisha huyalaza kwa miraba. Wanawake hufuata na majembe: huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani, hata shamba zima likawa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Juu ya matuta hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Majani huoza yakawa mbolea. Shimo hukamata maji pamoja na udongo ambao ungeteremka nayo.

Usipokamatwa huko juu, udongo huo huingia mitoni, Ruhuhu ukiwa mmojawapo, na safari yake huishia Ziwa Nyasa. Samaki aitwaye mbasa hupanda mito hiyo kutaga kwenye changarawe safi. Tope likiifunika changarawe, mayai hukosa hewa na kufa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hapa anayeinama ni mama wa Mbinga, na cha mvunguni kinawafikia hata wavuvi wa Lituhi wasiomjua. Huko ndiko kujisaidia mwenyewe?

Agosti 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mbeya mpango wa mbolea ya ruzuku. Naunga mkono mpango huo. Ila mbolea iliyomwagwa kwenye mteremko usio na kinga huondoka na mvua, na fedha ya umma huondoka nayo. Tunalipia mfuko, shimo la kuishika mbolea hatulilipii. Wakati huohuo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamzuia mkulima kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Katazo limeandikwa, ujira haukuandikwa.

Milima ya Uluguru imeonja njia zote mbili, ya kulazimisha na ya kulipa. Mkoloni aliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 wakamwasi. Nusu karne baadaye, katika milima hiyohiyo, mradi wa mashirika ya CARE na WWF uliwaunganisha wakulima na watumiaji wa maji ya Mto Ruvu, likiwamo shirika la maji la Dar es Salaam, DAWASCO, na wakulima wakalipwa kwa kuhifadhi ardhi. Nje ya nchi, Costa Rica nayo inawalipa wenye misitu waitunze tangu 1997.

Nitaambiwa kwamba fedha itaua moyo wa kujitolea, watu wachimbe ngolo kwa tamaa. Kahawa nayo twaipalilia kwa sababu inalipa, na hakuna aliyewahi kutulaumu. Kinachoiua ngolo ni uchovu: kazi ni nzito, vijana wanaikimbia, na matuta ya kawaida huchimbwa upesi zaidi. Mzigo unabaki mgongoni mwa akina mama.

Kulipa kunawezekana. Ngolo si ahadi ya kwenye makaratasi. Zinaonekana na zinahesabika. Kamati ya kijiji ikague baada ya kulima na irudi tena katikati ya masika. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zitenge sehemu ya ushuru wa mazao, na serikali kuu iongeze kutoka fungu lilelile la ruzuku. Malipo yasiishie kwa mwenye jina la shamba. Yamfikie mwanamke aliyeshika jembe, kwa maana udongo unaobaki mlimani umezuiwa na mikono yake.