Mwenye Kadi Yuko Wapi?

Baada ya swala ya Isha alitujia kijana mmoja aliyepata kusoma madrasa kwetu, naye ameshika bahasha. Ndani yake mlikuwa na mkataba wa mauziano wa ukurasa mmoja na nakala ya kadi ya pikipiki. Pikipiki yenyewe hakuwa nayo tena. Aliinunua Nyakanazi kwa dalali, akaileta Ngara kubebea abiria, na mwezi wa tatu wakaja wakopeshaji wenye kadi halisi wakaichukua, kwa kuwa deni lake halijalipwa.

Jina lililo kwenye nakala ile ni la mtu wa Kahama. Tulimwuliza kijana kama alipata kumpigia simu. Akasema hapana, dalali alimwambia kwamba kumtafuta mwenye mali wa kwanza ni kumvunjia heshima muuzaji.

Kauli hii imeenea Biharamulo na Ngara, na wapo wanaoivisha kanzu ya dini: ati kuuliza ni dhana mbaya, na kutaja aibu ya chombo cha mtu ni kumsengenya. Sisi hatuikubali.

Imesimuliwa kuwa Sahaba Wathila bin al-Asqa' (r.a.) alikuwapo ngamia alipouzwa kwa dirham 300. Mnunuzi alipokwisha ondoka, Wathila alimkimbilia na kumwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Aliposema kwa safari, akamjulisha kuwa unyayo wa ngamia una tundu, hatahimili mwendo. Mnunuzi akarudi, akapunguziwa dirham 100. Muuzaji alipolalamika, Wathila alieleza kuwa amejifunza kwa Mtume (s.a.w.) kwamba wajibu wa kubainisha aibu si wa muuzaji peke yake, bali ni wa kila aijuaye. Naye Imam an-Nawawi amehesabu kumtahadharisha Mwislamu miongoni mwa mambo yanayotoka katika usengenyaji ulioharamishwa.

Ikiwa asiyeulizwa alikimbia, vipi aliyemiliki chombo miaka minne anyamaze akiulizwa?

Nyakanazi ni njia panda ya Kahama, Kigoma, Bukoba na Rusumo. Gari linalouzwa pale huenda limepita mikono mitano, na dalali hajui, au hataki kujua, kama liliwahi kupinduka, kama injini ilifunguliwa, kama mita ya kilomita ilirudishwa nyuma, au kama limewekwa rahani. Mwenye kadi anajua mengi katika hayo. Tena, Mamlaka ya Mapato haibadilishi jina bila kadi halisi na mkataba na mwenye jina, hivyo atatafutwa tu. Heri atafutwe kabla ya fedha kutolewa. Hatusemi kila asemalo ni kweli, wala kwamba anatosha badala ya fundi. Wala asiulizwe shida iliyomfanya auze. Hayo ni yake. Aulizwe habari za chombo.

Tulipiga ile namba ya Kahama usiku uleule. Mzee mmoja akapokea, akasema pikipiki aliikopa, akamkabidhi mwenzake aiendeshe, na hakumpa yeyote idhini ya kuiuza. Mazungumzo hayakufika dakika tano.

Kifiqhi, kijana ana haki ya kurejeshewa thamani yake na aliyemwuzia. Simu ya dalali haipatikani tangu wiki hiyo.