Filamu ya vakanse ichaguliwe juu ya uso, si juu ya bahari

Apareyi za zamani zimeanza kutoka tena ndani ya makabati. Kijana wa Bukavu ao wa Lubumbashi anachukua ile ya baba yake, anatia betri mpya, kisha anauliza: kwa vakanse ya Zanzibar, kwenye jua kali, anunue filamu gani, ile ambayo wazee wanaita pelikile? Karibu kila mara anajibiwa kwamba anunue yenye namba ndogo, 50 ao 100, yenye rangi kali, ili bahari itoke buluu na mchanga utoke mweupe.

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Linafikiria bahari na kusahau uso wa mtu mweusi atakayesimama mbele ya bahari. Miaka ikipita, hakuna familia inayofungua albamu ili kutafuta maji. Watu wanatafuta mama, kaka, na yule ambaye hayuko tena.

Namba iliyoandikwa kwenye kisanduku, ISO, inaonyesha namna filamu inavyoshika mwangaza. Filamu ya 100 inahitaji mwangaza mara mbili kuliko ya 200, na mara nne kuliko ya 400. Kwa hiyo ni kweli kwamba kwenye jua la pwani filamu ya 1600 haifai: apareyi nyingi za zamani haziwezi kufunga haraka vya kutosha, na mwangaza unazidi. Mpaka hapo washauri wanasema kweli.

Shida iko kwenye aina ya filamu. Filamu za slaidi kama Fujifilm Velvia 50 zinapendwa kwa rangi zake, lakini haziwezi kushika pamoja kitu cheupe sana na kitu cheusi sana. Saa sita ya mchana, kwenye mchanga mweupe wa Zanzibar, sherti kimoja kipotee: ao mchanga unaungua, ao uso unakuwa doa jeusi lenye meno. Filamu za negative, kama Kodak Gold 200 ao Portra 400, zinavumilia zaidi, hasa mwangaza unapozidi kidogo. Hizo ndizo za kutia ndani ya valizi.

Filamu haioni kama jicho la mtu. Inaona namna watengenezaji wake walivyotaka ione. Wakaaji wa Kivu wana mfano wao. Mpiga picha Richard Mosse, raia wa Ayalandi, alikuja huku na Kodak Aerochrome, filamu iliyotengenezwa kwa kazi ya kupiga foto kutoka angani, na vilima vya kijani vikatoka na rangi ya waridi. Kazi hiyo ilionyeshwa Venice mwaka 2013.

Kuhusu ngozi nyeusi, historia ni ya uchungu zaidi. Tangu miaka ya 1950, Kodak ilikuwa inatuma kwa mafundi wa maabara kadi zenye foto ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, ili wapimie rangi. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha wote. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, ameeleza kwamba malalamiko yaliyosukuma kiwanda kurekebisha filamu yalitoka kwa watengenezaji wa shokola na wa meza na viti vya mbao, ambao bidhaa zao hazikuonekana vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtengenezaji wa sinema Jean-Luc Godard alikataa kutumia filamu ya Kodak nchini Msumbiji, akisema ina ubaguzi wa rangi.

Kwa hiyo wazazi waliochekwa kwamba wao ni weusi sana kwa foto hawakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kipimo.

Filamu za leo ni bora, lakini kipimo bado kinadanganya. Apareyi inapima kila kitu kama kijivu cha katikati. Ikiona mchanga mweupe mwingi inadhani mwangaza umezidi, inafunga tundu, na uso ndio unaolipa deni. Dawa ni rahisi: mpiga foto akaribie, apime uso peke yake, kisha arudi nyuma na kupiga. Ao, kwenye filamu ya 200, aweke apareyi kwenye 100, ili uso upate mwangaza mara mbili. Na asipige watu saa sita, jua linaposimama juu ya kichwa na kujaza macho kivuli. Asubuhi mbele ya saa tatu na jioni nyuma ya saa kumi zinatosha.

Wengine watasema telefone inafanya yote hayo bure. Ni kweli, na filamu ina bei, tena foto 36 tu. Lakini telefone inaibiwa ao inaanguka ndani ya maji, na foto zinakwenda nayo. Negative iliyotunzwa vizuri inaweza kutolewa foto tena baada ya miaka mingi. Kwa familia za mashariki ambazo zimekimbia nyumba zaidi ya mara moja, bahasha ndogo ya negative ni kitu cha kubeba.

Kwa sababu hiyo inafaa kuilinda njiani. Filamu isiyosafishwa isiwekwe kamwe ndani ya valizi inayopakiwa chini ya ndege, kwa sababu mashine za huko zinaiharibu. Ibebwe mkononi, na msafiri aombe kwa heshima ikaguliwe kwa mkono. Na kabla ya kununua, aulize kwanza fasi ya kuisafishia.

Muuzaji naye ana kazi yake. Mteja akiuliza filamu ya jua, amuulize kwanza: unakwenda kupiga nani?