Mapunye na kitunguu saumu: nilimuunguza mpwa wangu

Wiki hii sina utani mwingi. Kule nyumbani Mbalibali, Serengeti, mpwa wangu wa darasa la pili alitoka mapunye kichwani, yale ya duara, nywele zimekatika utadhani panya kazitafuna. Mimi ndiye msomi wa familia (fomu foo yangu hiyo hiyo), basi nikaulizwa dawa. Sikufikiri mara mbili: kitunguu saumu! Nikatwanga, nikapaka, nikafunga kitambaa, mtoto akalala nacho. Alfajiri analia, "Mjomba, panawaka moto!" Kufungua, malengelenge. Dada yangu hakunigombeza, aliniangalia tu. Afadhali angenigombeza.

Ni kweli kitunguu saumu kina kitu cha kuua fangasi, kinaitwa alisini. Ila kikifungwa kibichi kwenye ngozi kwa saa nyingi kinaunguza. Na hata kisingeunguza, nilikuwa najisumbua bure. Fangasi wa mapunye wanajichimbia ndani ya unywele mpaka kwenye shina lake, dawa ya kupaka haiwafikii. Vinatakiwa vidonge. Zahanati tulipewa griseofulvini, ambayo humezwa wiki 6 hadi 8, pengine zaidi, na hufanya kazi vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta. Hapo maziwa ya ng'ombe wetu yalipata kazi.

Choa cha mwilini ni afadhali, hicho kinakubali kupakwa. Ipo dawa ya zamani, ya bei ndogo, inaitwa Whitfield: asidi ya benzoiki asilimia 6 na ya salisili asilimia 3. Usipake usoni wala sehemu za siri, na usiache siku ile alama inapofifia. Lakini jihadhari na krimu za muwasho zenye steroidi. Muwasho unatulia, unashangilia, kumbe fangasi anatanuka kimya kimya.

Na nyinyi mnaovunja betri ya tochi mkapaka ule unga mweusi, au mafuta ya taa, jamani, mnamtibu mtoto au mnataka kumwasha kama koroboi?

Ya vidole vya miguu tunayapata kwa kushinda na gambuti matopeni. Pale dawa ya nyumbani ipo kweli, tena haiuzwi: osha, kausha katikati ya vidole, anika viatu juani, jioni vaa ndara.

Nyumbani tulichemsha vitana na kofia, kila mtoto akawa na taulo lake. Mashine ya kunyolea ya kuazimana tukaiaga. Ndama nao tuliwakagua, maana mwenye magamba ya kijivu kuzunguka macho anaweza kumwambukiza anayemchunga.

Nywele za mpwa wangu zimerudi, isipokuwa kipande kidogo pale nilipofunga kitambaa. Akiniona nimeshika kitunguu saumu jikoni, anatoka nje.