Ramani ya Darasa Isimpite Mwalimu

Wiki za kukabidhi kazi, ukipita kwenye korido za wenzetu wa uhandisi na usanifu majengo usiku, utakuta kompyuta hazizimwi. Jengo ambalo halina hata msingi linazunguka kwenye kioo, paa linanyanyuliwa, unaingia ndani mpaka chooni. Sisi wa elimu tunachungulia, tunasema "hawa jamaa wanajua kuchora," kisha tunaendelea na maandalio yetu ya somo. Mimi naona tunapita haraka mno. Kile kinachozunguka pale kinatuhusu, na huko tunakokwenda kufanya kazi kitatuhusu zaidi.

Wenyewe wanakiita usanifu na ujenzi wa kidijitali, kwa kifupi VDC. Jina hilo lilienezwa na kituo cha utafiti cha CIFE pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1988. Wengi wetu tunadhani ni zile picha za kuvutia zinazobandikwa kwenye bango la eneo la ujenzi, zenye miti ya kijani na watu wanaotabasamu. Hapana, picha ni sehemu ndogo tu. Kwenye modeli ya namna hii, ukuta si mistari miwili. Una unene, aina ya tofali, bei, hata wiki utakaojengwa. Ukisogeza dirisha, hesabu ya matofali inabadilika papo hapo. Bomba likipitishwa mahali penye nguzo, programu inaonyesha mgongano kabla mtu hajashika koleo.

Lakini kwangu mimi kubwa zaidi ni meza. Kwa utaratibu wa zamani karatasi zinapokezanwa: msanifu anamaliza, anampa mhandisi, mhandisi anampa mkadiriaji majenzi, mwishoni anakuja mkandarasi anayekuta mlango umeangukia kwenye nguzo. Kwa utaratibu huu mpya wote wanakaa chumba kimoja mbele ya modeli moja na kubishana mapema, wakati ukuta bado uko kwenye kompyuta na kuuvunja hakugharimu mfuko hata mmoja wa saruji. Uingereza waliona faida yake, na tangu Aprili 2016 miradi ya majengo ya serikali kuu ilitakiwa ifanywe kwa modeli za pamoja.

Swali langu ni dogo tu: pale mezani anakaa nani?

Chukua Terminal 5 ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Ujenzi ulianza 2002, ikafunguliwa tarehe 27 Machi 2008 baada ya kutumia pauni bilioni 4.3. Mwenye mradi, kampuni ya BAA, alifanya jambo ambalo wenye miradi hawalipendi: alibeba mwenyewe hatari ya hasara badala ya kuwasukumia wakandarasi, ili watu waache kujificha nyuma ya mikataba na barua za kulaumiana. Wasanifu, wahandisi na wakandarasi wakafanya kazi kama timu moja, kwa modeli ya pamoja. Hata paa lile kubwa, kipande chake kilisimamishwa kwanza kwa majaribio huko Yorkshire, mbali kabisa na Heathrow, ili makosa yafanyikie huko. Jengo likakamilika kwa wakati na ndani ya bajeti, jambo ambalo kwa mradi wa ukubwa ule ni nadra.

Sasa sikia kilichotokea siku ya kufunguliwa. Wafanyakazi wa mizigo hawakujua pa kuegesha magari yao. Wengine walishindwa kuingia kwenye mfumo wa kompyuta, wengine walipotea humo humo ndani ya jengo. Mabegi yakarundikana kwa maelfu, na siku zile za mwanzo safari za ndege zikafutwa kwa mamia. Kulikuwa na hitilafu za programu ya mizigo pia, tusidanganyane. Lakini bunge lao lilipoita watu wajieleze, shirika la British Airways lilikiri kwamba wafanyakazi hawakupata mafunzo ya kutosha wala muda wa kulizoea jengo. Yaani kila bomba lilijulikana linapita wapi, ila mbeba mizigo aliliona jengo kama mgeni.

Turudi nyumbani, ambako hali ni ngumu zaidi, maana kwetu mwalimu hasubiri tu kukabidhiwa jengo. Analisimamia likijengwa. Kwa utaratibu wa kutumia mafundi wa kawaida, ule ambao kila mtu anauita fosi akaunti, fedha za darasa zinashuka shuleni na shule inaunda kamati zake: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Mwaka 2021, kupitia zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa kukabiliana na UVIKO-19, yalipangwa madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, kila darasa shilingi milioni 20. Aliyepokea saruji ni mwalimu wa Baiolojia. Aliyehesabu nondo ni mwalimu wa Kiswahili. Mkuu wa shule akasaini. Na mkaguzi wa hesabu akija, hamuulizi fundi aliyeshahamia wilaya nyingine. Anamuuliza huyu aliyesaini.

Huyo ndiye mimi na wewe baada ya miaka michache, na katika miaka mitatu ya shahada yetu tunasoma falsafa ya elimu, saikolojia, mitaala, upimaji, hata uongozi wa shule, bila saa moja ya kusoma ramani ya jengo.

Shule niliyofanyia mazoezi ya kufundisha mwaka jana ina madarasa mawili mapya, mazuri, sakafu safi, rangi bado inanukia. Madirisha yake yanatazama mashariki na magharibi kwa sababu jengo lilipangwa lifuate barabara. Kipindi cha kwanza jua linaingia lote, ubao unang'aa kama bati, na safu ya dirishani wanajikinga uso kwa madaftari. Mchana zamu inahamia upande wa pili. Mwalimu mmoja wa kamati aliniambia aliligundua hilo mapema na akamwambia fundi, lakini vigingi vilikuwa vimeshapigwa na mitaro ya msingi imeshaanza kuchimbwa, na yeye hakuwa na hoja ya kitaalamu mkononi, alikuwa na wasiwasi tu. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta kama yetu, darasa linatakiwa madirisha yake yatazame kaskazini na kusini. Hilo si siri ya wasanifu, linaelezeka kwa dakika tano. Kwenye modeli halihitaji hata maelezo: unaweka mahali shule ilipo, unaweka tarehe na saa, unaona mwanga unapoangukia. Mwalimu yule angeonyesha simu yake badala ya kubishana.

Najua jibu linalokuja. Kompyuta zenye nguvu zina bei, leseni za programu ndiyo usiseme, vijijini umeme unakatika na mtandao ni wa kupanda kichuguu. Kweli kabisa. Ila tofautisha kutengeneza modeli na kuitazama. Kutengeneza kunataka mtaalamu na mashine nzuri. Kutazama kunawezekana kwenye simu ya kawaida ya kugusa, kwa programu za bure, ukishaipakua hata bila intaneti. Halafu ramani zetu za madarasa ni za mfano mmoja unaorudiwa nchi nzima. Ukikosea kwenye ramani ya nyumba yako umekosea mara moja, ila kosa kwenye ramani ya darasa linaweza kurudiwa mara 15,000. Kama kuna mahali pa kutengeneza modeli moja nzuri, ikaketi mezani na walimu kabla haijasambazwa, ni hapo.

Kinachobadilika kila shule ni kiwanja. Milioni 20 za mwaka 2021 zilikuwa zile zile kwenye tambarare na kwenye mteremko, lakini mteremkoni msingi unameza mawe na zege kabla ukuta haujaonekana, halafu fedha zinaishia kwenye kenchi na mkuu wa shule anaanza kuitisha vikao vya wazazi. Modeli iliyowekewa vipimo vya kiwanja halisi ingelisema hilo siku ya kwanza. (Haizuii mtu kuiba saruji, hilo nakubali. Ila kamati inayojua tofali zinazohitajika ni ngapi ni ngumu kuidanganya kuliko kamati inayoambiwa na fundi.)

Tunaokaa ndani ya majengo tumezoea kuyajua baadaye. Desemba 2017 picha za mianya kwenye hosteli za Magufuli pale Mlimani zilipozagaa, nchi nzima ilibishana kama ni nyufa au ni nafasi zilizoachwa makusudi ili jengo litanuke na kusinyaa. Wakala wa Majengo walieleza kuwa ni nafasi za makusudi. Mimi nilichojifunza ni kwamba hosteli ile ilikuwa na maelfu ya wakazi, na neno hilo wengi walilisikia kwa mara ya kwanza wakati wa ugomvi.

Kwa hiyo hoja yangu kwa serikali yetu ya wanafunzi, hasa wizara inayoshughulikia taaluma, ni hii. Wenzetu wa uhandisi na usanifu kila mwaka wanatafuta mradi wa kufanyia kazi, na wengi wanaishia kubuni viwanja vya ndege na maduka makubwa ambayo hakuna mteja aliyeyaomba. Sisi tunatawanyika nchi nzima kwa mazoezi ya kufundisha, tunaishi kwenye madarasa yale wiki hadi wiki. Tuunganishwe. Jumamosi nne tu za muhula zinatosha kuanza: wao watufundishe kusoma ramani na kutembea ndani ya modeli, sisi tuwaambie mwalimu anasimama wapi, watoto 70 wanapitaje mlango mmoja, sauti inapotelea wapi mvua ikipiga bati, na mwenye kiti cha magurudumu anaingiaje. Haihitaji kusubiri mtaala ubadilishwe, wala haigusi bumu la mtu.

Mazoezi ya kufundisha yajayo, mimi nabeba tepu ya kupimia. Napima darasa moja: urefu, upana, madirisha yanatazama wapi, ardhi inashuka upande gani. Nimeshapata wawili wa usanifu waliokubali kuliingiza kwenye kompyuta tukirudi. Kwa madarasa kumi ya mikoa tofauti tutakuwa na kitu cha kuweka mezani, na mpaka leo tunaokwenda kupima ni watano.